Mkanda wa Kazi Zote

Jua lilikuwa linazama Ngedere alipoingia dukani kununua mkanda wa kupandia. Jina hilo alipewa kazini kwa jinsi alivyokwea kuta za maghorofa kwa kamba, akizipaka rangi huku akipiga mluzi. Mtu mzima wa miaka arobaini, na hakuwahi kulikataa. Lakini miezi minne ilikuwa imepita hajapanda hata ngazi. Kesho bosi alimtaka kazini, aje na mkanda wake.

Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimuuliza anautaka wa kazi gani. Ngedere akajibu wa kazi zote: kuta, minara, matangi ya maji, hata kukata matawi ya miti mirefu. Mama akacheka, akasema wateja wa siku hizi wanataka nguo moja ya harusini na ya shambani. Hata hivyo akamtolea mweusi. Kiunoni una sponji lakini si mzito, akaeleza, vitanzi vya mapajani vinalegezwa vikapita juu ya ovaroli, na pembeni kuna sehemu nne za kutundika vifaa.

"Ila mkanda hauchaguliwi kwa macho," akasema. "Ning'inia."

Kulikuwa na kamba kwenye boriti kwa ajili hiyo. Ngedere akavaa, akajifunga kwenye kamba, akajivuta juu mpaka miguu ikaachana na sakafu. Vitanzi vya mapajani vikambana. Mama akasema anamletea saizi nyingine, akapotelea stoo.

Hapo aibu ikamrudia, maana alikuwa peke yake nayo.

Kazini kwao hakuna anayepanda bila kukaguliwa na mwenzake. Unavuta kifungio cha kiunoni, unavuta cha kila paja, ndipo unatamka "salama". Asubuhi ile, miezi minne nyuma, ilikuwa zamu yake kumkagua shemeji yake, mume wa dada yake. Ngedere alikuwa na simu mkononi, anacheka video ya mtu aliyeanguka na baiskeli. Akasema "salama" bila kuinua kichwa. Kifungio cha shemeji kilikuwa kimefungwa nusu. Ghorofa ya sita kikaachia.

Kisha akadanganya. Alisema alikagua vizuri, shemeji alikifungua kifungio mwenyewe kule juu. Wote wakamwamini, hata dada.

Duka likanyamaza.

Ikaja harufu ya rangi mbichi... Duka lile halikuuza rangi.

Mkono ukashika mkanda, nyuma, kiunoni.

"Mama?" Ngedere akaita.

"Natafuta!" mama akajibu. Kutoka mbali. Kutoka stoo.

Kamba ikamzungusha polepole. Kulia, rafu za viatu. Kushoto, kofia za chuma. Hakuna mtu. Lakini mkono ukavuta kifungio, ukakirudia. Ukashuka paja la kulia... ukavuta. Paja la kushoto... ukavuta. Haukuwa na haraka. Ulimkagua kama mtu anavyopaswa kukaguliwa, na hilo ndilo lililomliza. Angekabwa koo angepiga kelele. Kutunzwa huku hakujua akufanye nini.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Salama."

Mama alipotoka na mkanda wa pili alimkuta analia kimyakimya, ananing'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Akamshusha. Alipofika kwenye kifungio akasita, akauliza nani kamfundisha kukunja ncha ya mkanda mara tatu na kuichomeka upande wa kushoto. Ngedere akainama kuitazama. Hakuwa amekunja kitu. Aliyekuwa akifunga hivyo alikuwa mmoja tu, na walimzika wenyewe.

Aliuacha mkanda juu ya kaunta, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

Dada alifungua mlango akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo. Ngedere alikataa kukaa. Alijua akikaa atazungumza habari za watoto, kisha ataaga, kama alivyofanya mara zote.

"Sikumkagua," akasema. "Nilisema salama bila kumtazama. Hakukifungua kifungio mwenyewe. Nilikudanganya, dada."

Dada hakulia. Alikunja kile kitambaa, akakikunja tena, mpaka kikawa hakikunjiki tena.

"Huwa anakuja," akanong'ona. "Kila jioni. Anakaa kitandani, ameshika kiuno kwa mikono miwili. Namuuliza kwa nini alikifungua kifungio, kwa nini alituacha kwa uzembe wake. Hanijibu. Anainamisha kichwa tu."

Ngedere alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Miezi minne, kaka. Miezi minne namtukana mume wangu kwa kosa lako. Na yeye ananiacha nimtukane."

Ngedere akaanza kuomba msamaha. Dada akainua mkono kumzuia.

"Usiniombe mimi kwanza."

Akageuka kutazama mlango wa chumba cha kulala. Ulikuwa wazi kidogo, na ndani taa haikuwa imewashwa. Kitanda kikalia, kama mtu mzito amejisogeza kumpa mwenzake nafasi.

"Yumo," dada akasema. "Nenda kamwambie."

Ngedere akavua viatu, akaingia. Dada akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, akaufunga.