Jina Chini ya Celestine

Siku ya soko mjini Migori, barabara ya kwenda Isebania huwa haina pa kuweka mguu. Boda zinapiga honi, mikokoteni ya ndizi imekwama, akina mama wa dagaa wa omena wanagombania kivuli. Kando ya vurugu hiyo ndipo kilipo kibanda cha kuchapa cha Millicent, na ndani yake alikuwa ameketi Filister, binti wa Oyugis, mgongo ukimuuma tangu asubuhi, viatu amevivua chini ya meza. Alivaa gauni la buluu lenye maua madogo meupe, kola yake ameigeuza na kuishona upya mwenyewe.

Ukutani, juu ya kompyuta, alikuwa amebandika karatasi ya manila iliyojaa maneno kwa kalamu nyekundu. Yalikuwa maneno ya Kifaransa na Kilatini ambayo Waingereza waliyaazima wakakaa nayo, na watu wa Migori wakayapokea vivyo hivyo, bila kuyabadilisha nguo. Wateja waliyataka sana kwenye kadi zao: R.S.V.P., née, alma mater, in memoriam. Filister hakupenda kazi yake itoke na kosa, ndiyo maana akayaandika hapo, kila neno na alama zake.

Mwanamume mrefu akainama kuingia, mikono ya shati jeupe ameikunja hadi kwenye viwiko, vumbi la chaki gotini. Alikuwa Mwalimu Fanuel wa Homa Bay, na alikuja kuchukua kadi za sherehe ya shule yake. Akaishika moja, akaisoma, akakohoa.

"Madam, hapa mmeandika Please R.S.V.P."

"Ndiyo."

"Hiyo R.S.V.P. yenyewe ni Kifaransa. Maana yake tafadhali jibu. Sasa mmeomba mara mbili."

Filister hakuinua macho. "Mwalimu, sisi huku Migori tunaomba mara mbili. Ukiomba mara moja, watu hawaji."

Fanuel alicheka mpaka wateja wakageuka. Kadi akazichukua zilivyo, na nambari ya simu ya Filister pia.

Ikawa kila jioni simu inalia.

"Nyar Oyugis, umekula?"

"Nimekula. Na wewe Japuonj, mwalimu wangu, umeacha kusahihisha watu?"

"Bado. Leo nimekuletea neno. Tête-à-tête."

"Hiyo inapikwa na nini?"

"Ni wewe na mimi, meza moja, samaki mmoja, Millicent akiwa mbali."

"Basi huyo samaki awe mkubwa, mpenzi. Mimi si mtu wa kuonjaonja."

Wakala samaki huyo Homa Bay, mkabala na ziwa, mchuzi ukiwachuruzika mpaka vifundoni mwa mikono. Mwaka ule ule, kwenye harusi ya mwalimu mwenzake, Fanuel alimshika bega mbele ya watu akasema, "Huyu ni fiancée wangu." Filister aliporudi Migori aliliongeza neno hilo la mchumba ukutani, kwa herufi kubwa kuliko mengine yote.

Mwaka wa kwanza lilikuwa kama nguo mpya. Mwaka wa nne lilikuwa limepauka. Kwao Filister hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kubisha hodi kuposa. Fanuel alikuwa kitinda mimba kati ya ndugu wanne. Wawili wakubwa walikuwa na wake, lakini Odhiambo, anayemtangulia, alikuwa Mombasa na hajaoa. Kwa Wajaluo mdogo hamruki mkubwa wake. "Tumngoje Odhiambo," ndilo lilikuwa jibu la Fanuel, Krismasi baada ya Krismasi.

Mama yake Filister alipiga simu kutoka Oyugis. "Nyathina, mwanangu, hao watu wanakuja lini? Ukuta wa sebule nimeupaka rangi mara mbili."

"Watakuja, mama."

"Sawa. Rangi nyingine ipo kwenye kopo."

Kisha mama yake Fanuel akaugua. Filister ndiye aliyekwenda kumkanda miguu hospitalini, Jumapili kumi na moja mfululizo, na kumpelekea uji wa wimbi kwenye chupa yenye kifuniko chekundu. Mama huyo alipofariki, kitabu cha mazishi kililetwa kuchapwa kwa Millicent.

Filister alikipiga chapa mwenyewe. Mahali alipozaliwa marehemu. Née, yaani kwao kabla ya kuolewa, na jina la baba yake. Ubatizo, ndoa, watoto, kila jina kwa zamu yake. Akafika kwa wakaza mwana. Adhiambo, mke wa mtoto wa kwanza. Celestine, mke wa mtoto wa pili. Halafu nukta.

Akageuza karatasi, labda kuna kitu nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Weka jina lako!" Millicent alisema, miwani ikimshuka puani. "Vidole ni vyako, mashine ni yangu. Nani atakuuliza?"

Filister akampigia Fanuel simu.

"Orodha ya wakaza mwana imeishia kwa Celestine. Ni sawa hivyo?"

"Ni kamati ya mazishi, mpenzi. Wazee walisema mtu asiyetolewa mahari haandikwi. Na ni kamati ya muda tu, ad hoc..."

"Nilijua utanipa neno."

"Filister..."

"Nimeuliza kama ni sawa, Fanuel."

"Wacha ikae hivyo kwa sasa."

Akachapa vitabu mia tatu. Siku ya mazishi kule Rangwe, nyumbani kwa kina Fanuel, Adhiambo na Celestine walikaa mbele kwa vitenge vya zambarau vilivyoshonwa mtindo mmoja. Filister, kwa sketi nyeusi na blauzi ya kawaida, alikuwa kwenye hema la wageni, akigawa vitabu. Bibi mmoja alimvuta mkono. "Binti, wewe ni wa hapa?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa printa."

Aliporudi kibandani alichukua makasi akalikata lile neno fiancée. Kwenye manila pakabaki dirisha dogo, ukuta ukichungulia. Simu za Fanuel aliziacha zilie. Alipokea moja tu.

"Umenikasirikia, jaber, mrembo wangu?"

"Sijakasirika. Nimechoka. Mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza."

Miezi kumi ikapita. Siku ya soko, mlango ukaingia giza, akainama yule yule mrefu. Shati lilikuwa limelegea mabegani. Mkononi alikuwa na karatasi ya misa ya kumbukumbu ya mama yake, ameiandika kwa mkono. Filister akaipokea kama anavyopokea kazi ya mteja yeyote. In memoriam. Watoto. Wakaza mwana: Adhiambo, Celestine, na chini ya Celestine, Filister.

"Odhiambo ameoa?" akauliza.

"Hajaoa." Fanuel alikuwa bado amesimama. "Filister, nikuambie ukweli. Odhiambo alinipa njia kitambo, hata kabla mama hajaugua. Alisema, pita ndugu yangu, usinisubiri. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Kwa nini?"

"Kukuita fiancée kulikuwa rahisi. Kukaa mbele ya mama yako niulizwe mimi ni nani, hapo niliogopa. Nikajificha nyuma ya ndugu yangu."

Printa ikameza karatasi ikatema nyingine. Millicent akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Jumamosi tunakwenda Oyugis," Fanuel akasema. "Mimi, Odhiambo na wazee wawili. Nimeshampigia mama yako."

"Amesemaje?"

"Ameuliza tunakula kuku au samaki. Halafu akasema atapaka ukuta."

Filister alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu. Akafuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Hii siichapi leo."

"Filister..."

"Mama yangu aseme ndiyo kwanza. Sitaandikwa tena kabla ya kuulizwa. Akikubali Jumamosi, nitaichapa Jumatatu."

"Nitakuja Jumatatu. Na wewe mwenyewe, utakubali?"

Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Umeomba mara moja."

Fanuel akasogea mezani. "Tafadhali, Filister." Akaomba tena. "Tafadhali."

Filister akachukua kalamu nyekundu, akaandika "Jumatatu" pembeni mwa ile karatasi, kama anavyofanya kwa kazi za wateja wote. Kisha akainama chini ya meza kutafuta viatu vyake, amsindikize hadi steji ya matatu.