Nani Aliyaamsha Maji?

Walimu, wanafunzi, na nyinyi mnaosoma mkiwa kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku: nyamazeni kidogo. Msiba mzito umeikumba sayansi ya Bonde la Ufa. Waliofariki ni wa familia moja, wote kwa mpigo, na mkubwa wao alikuwa na urefu wa kidole gumba.

Walikuwa samaki wa dhahabu wa Chama cha Sayansi, katika shule yetu ya bweni kando ya barabara ya Nakuru kwenda Rongai. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Cheruto, aliyekuwa zamu ya usafi, alifungua maabara apige deki, akawakuta wakielea ndani ya tangi la kioo, matumbo juu.

Mshukiwa alipatikana hata kabla ya maiti kuopolewa. Bravin wa Kidato cha Tatu ndiye aliyewatunza, na asubuhi hiyo ndiye aliyewabadilishia maji. Bwana Ogola, naibu wa mwalimu mkuu, hakutaka maelezo marefu.

"Uliwamwagia maji ya mfereji moja kwa moja, kwa uvivu. Jumatatu unaenda kwenu Kuresoi, urudi na mzazi."

Jumatatu ndiyo siku ya kongamano la sayansi mjini, na Bravin alikuwa amejiandaa tangu mwaka jana. Hatukujua kama analia, kwa sababu alikuwa na mafua.

Shantel Akeyo, mwenyekiti wa chama, aliomba nafasi ya kuchunguza. Ogola akampa hadi kengele ya chakula cha jioni. Shantel akaniteua mimi, Weldon, ingawa si mwanachama, niwe karani wake. Nilikubali kwa heshima kuu, kiganja kikiwa mdomoni kama kawaida yangu.

Alianza na Bravin.

"Maji uliyachota lini?"

"Alhamisi jioni. Nikayaacha yalale kwa ndoo, pale verandani, bila kifuniko."

"Yalale?" Ogola aliguna. "Yana godoro?"

"Mwalimu," Bravin akasema, "maji ya mfereji yana klorini. Ukiyaacha wazi siku nzima hivi, hiyo dawa inatoka na hewa. Ndiyo tunasema yamelala. Ukiyamwaga yakiwa macho, yanamchoma samaki matamvua, anakosa pumzi."

"Nilimwona akichota," Cheruto akasema. "Na Ijumaa nikipiga deki ndoo ilikuwa bado hapo."

Bravin alikuwa amemimina nusu tu na kufunika iliyobaki. Shantel akapiga magoti, akatoa kifuniko.

"Mwalimu, nusa."

Ogola akanusa, akakunja uso. "Kama wodi ya hospitali."

"Yaliyolala hayanuki hivyo. Bravin, hukusikia harufu?"

"Na hii mafua? Hata githeri inaungua siisikii."

Basi maji ya Bravin yalikuwa yamechukuliwa, na ndoo ikajazwa upya, pengine Ijumaa usiku, kwa kuwa haya hayakuwa yamepata muda wa kulala.

Aliyefuata ni Mbugua wa Kidato cha Pili, ambaye wiki nzima alikuwa akitangaza bwenini kwamba atawakaanga wale samaki.

"Boss, wale hata kijiko hawajazi!" akapaza sauti. "Na Ijumaa nilikuwa kwa nesi nikitapika tangu asubuhi, nikalala huko. Muulize."

Nesi akaulizwa. Mbugua alitapika kweli, na kwa bidii.

Shantel alirudi kando ya tangi. "Mtu anayetaka kuua samaki anatupa sabuni. Huyu alitaka maji. Lakini mfereji si huu hapa? Kwa nini ahangaike na yaliyolala?"

Hapo ndipo mimi, karani mwenye bidii, nilipoona nimsaidie.

"Labda alikuwa na kiu tu. Si kila mtu anajua yakilala hayachafui meno?"

Shantel akageuka polepole. "Meno?"

"Si hiyo dawa ikishatoka..."

"Weldon, inayochafua meno ni floridi. Iko kwa maji ya visima, kama huko kwenu Longonot. Hiyo hata uilaze mwaka mzima haitoki. Inayotoka ni klorini. Hakuna mwanachama angechanganya hizo mbili. Huyu ni mtu alipita hapo dirishani tukiwa kwa mkutano, akasikia 'dawa inatoka', akaenda zake na furaha."

Kisha akasema kwa upole, "Toa mkono."

Nikautoa. Meno yangu yana rangi ya chai ya rangi. Yaliota hivyo hivyo. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku ya picha ya darasa, na katika kila picha yangu tangu chekechea nimefunga mdomo kama mwizi wa peremende.

"Niliyamimina kwa mtungi wangu Ijumaa usiku," nikasema. "Mengine nikanywa, mengine nikasukutua. Nikajaza ndoo mferejini isijulikane. Sikujua itawaua."

Bwana Ogola alinitazama, kisha akamgeukia Bravin. "Jumatatu unaenda mjini. Beba ndoo mbili, moja imelala, moja iko macho, uwaeleze tofauti. Wa kurudi na mzazi ni huyu."

Bravin hakumshukuru mtu. Alipenga kamasi, akanikaribia.

"Ulijua kwamba natumwa nyumbani?"

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao kila wakati.

"Nilijua tangu mchana."

"Na ukakaa hapo, unaandika vile naulizwa maswali?"

"Nikaandika," nikasema. "Hata nilikuwa natumaini ni wewe umewaua."