Gigabaiti Kumi na Mbili

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, nilipangusa vumbi katika chumba cha seva cha shangazi yangu, Mungu amrehemu. Feni zilivuma, naye aliketi kwenye kiti chake kinacholialia, akisoma namba kwenye skrini kwa utulivu kama mtu asomaye barua ya ndugu. Aliniita Kidole, kwa sababu sikuweza kuona kitufe nikakiacha.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti za watu, ilikuwa moja, lakini aliigawa kwa programu ikawa seva pepe kumi. Tisa zilikuwa za wateja: zahanati, mwokaji wa mikate, fundi cherehani na wengine, tovuti zao zikikaa humo kama wapangaji wa nyumba moja. Ya kumi alinipa mimi, niweke mchezo niliotunga. Kumbukumbu ya mashine nzima, yaani nafasi ambamo programu hufanyia kazi, ilikuwa gigabaiti thelathini na mbili, na kila mmoja aliruhusiwa kutumia hadi nne.

"Shangazi, nne mara kumi ni arobaini," nilimwambia. "Umewaahidi watu kitu kisichokuwepo?"

Akacheka. "Hesabu unaijua, wapangaji huwajui. Hawana haraka wote kwa pamoja. Huyu akitumia nyingi, yule kapumzika."

Mimi nikashika neno moja tu: kapumzika. Alipotoka kwenda dukani, niliona gigabaiti kumi na nne hazina kazi. Nikaitengea seva yangu kumi na mbili, ziwe zangu peke yangu hata nisipozitumia. Mchezo ukaenda mbio kama mshale.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati, sauti yake ikisikika chumba kizima.

"Dada, orodha ya chanjo haifunguki! Nina kina mama arobaini hapa, na watoto wanalia kwa zamu. Nani achanjwe nini? Nipige ramli?"

Shangazi akatazama skrini. "Kumbukumbu imejaa. Mashine imeizima programu yenu ili yenyewe isikwame. Ni huyu mwokaji na mapicha yake ya keki! Namfungia sasa hivi."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwokaji hakuwepo kujitetea. Lakini kumfungia kusingetosha, na wale watoto wangeendelea kungoja.

"Si yeye, shangazi. Ni mimi. Nimejitengea kumi na mbili."

Akanisogezea kibodi. "Zirudishe. Kwa mkono wako."

Nikazirudisha. Akaiwasha upya programu ya zahanati, na haikupita dakika mbili tukamsikia muuguzi akiita, "Imefunguka! Haya, mama wa kwanza!" Shangazi akanipa simu nijieleze. Nikaomba radhi.

"Wewe mtoto! Ungekuwa hapa ningekudunga sindano mbili," akasema muuguzi, kisha akacheka.

Nilipokata simu, shangazi alinivutia kiti. "Uliona haitumiki ukadhani haina mwenyewe. Kumbukumbu ya pamoja ni blanketi la watu watatu, mwanangu. Ukijiviringisha peke yako, wenzako watapigwa na baridi hata kama wewe hulihitaji lote. Na kosa ukilinyamazia, atalibeba mwingine. Umesema mapema, tumetengeneza mapema."

Akachukua simu tena.

"Sasa tunampigia mwokaji."

"Lakini yeye hajui lolote, shangazi!"

"Ndiyo maana tunamwambia. Kosa lako lilitaka kumwangukia, nami nimemsingizia bila kuchunguza. Naanza mimi kumwomba radhi."