Babu Alichimba Vyoo

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alivua sare, akafagia ua wa nyuma, kisha akajaza ndoo za jikoni. Jina la Chiriku alipewa na babu yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akifagia anasimulia, akiosha vyombo anasimulia. Lakini jioni moja alifagia kimya. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, akajua kuna jambo.

"Leo ulimi umeusahau shuleni?" Bibi aliuliza.

"Kipara ameniita mjukuu wa shimo tena. Darasa zima likacheka."

"Wewe ukamjibuje?"

"Nimemwambia asubiri kesho. Kesho atajua babu yangu alikuwa nani!"

Kesho yake familia ilikuwa inakutana kumkumbuka Babu, aliyefariki mwaka uliopita. Majirani walikuwa wamealikwa, na mama yake Kipara pia. Baba mkubwa wa Chiriku, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyekuwa karani katika ofisi kubwa, ndiye aliyeandika maisha ya marehemu. Chiriku alichaguliwa kuyasoma kwa kuwa alisoma bila kigugumizi.

"Hebu nisomee basi," alisema Bibi. "Nimsikie mume wangu."

Chiriku alileta karatasi, akasimama wima kama yuko gwarideni. "Marehemu alikuwa mkandarasi mashuhuri. Alisimamia ujenzi wa maghorofa mengi. Alikuwa mtu mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti..."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza.

"Babu."

"Babu yako yupi? Mume wangu alikuwa mchimba vyoo! Vyoo vya mtaa huu, karibu vyote, vimechimbwa kwa koleo lake. Halafu eti mpole! Akianza kugomba, kuku wote walihama ua!"

"Lakini Bibi, Baba mkubwa anasema hivi inapendeza zaidi."

"Inampendeza nani?" Bibi alitupa kiazi sufuriani, maji yakaruka. "Mtu anarudi kutoka kazini ananuka, hakubali kuingia ndani. Anasimama pale penye jiwe la kufulia, mimi nammwagia maji ya moto na kumsugua mgongo mpaka tope liishe. Huku ananipa vituko vya kutwa, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Maji yale nilikuwa nammwagia mkandarasi?"

Bibi hakuwa amemaliza.

"Hakuwahi kupandisha sauti! Kamuulize yule bwana mwenye nyumba za kupanga. Alitaka choo kichimbwe mlimani, juu kidogo tu ya kisima cha mtaa. Babu yako akamwambia, 'Chimba mwenyewe, na maji yake ukanywe wewe na wanao!' Yule bwana akatafuta mchimbaji mwingine. Baadaye watoto wakaanza kuharisha, nyumba moja baada ya nyingine. Unajua nani aliyemkokota bwana afya mpaka pale kisimani? Babu yako. Kisima kikafungwa mpaka maji yalipopimwa yakaonekana safi. Choo kile babu yako alikifukia kwa mikono yake, mwenye nyumba akimtukana tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akaenda kuchimba kingine bondeni. Leo hayo yote yamefutwa, naletewa maghorofa!"

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Sikukatazi kusoma. Karatasi unayo wewe na mdomo ni wako. Lakini ukisoma hayo kesho, mimi nitakwenda kukaa jikoni. Siwezi kumkumbuka mume wa mtu mwingine."

Chiriku alimkimbilia Baba mkubwa, aliyekuwa uwanjani mbele ya nyumba akipanga viti.

"Baba mkubwa, Bibi amekasirika. Anataka tuseme ukweli."

"Mama ni mtu mzima, hasira zake zitapoa. Wakubwa wangu wa kazini watakaa hapa mbele. Unataka niwaambie nini? Kwamba baba yangu alishinda ndani ya mashimo?" Alipunguza sauti. "Na wewe mwenyewe, unataka Kipara aendelee kukucheka?"

Hapo Chiriku aliguswa penyewe. Akaondoka, karatasi mkononi.

Siku iliyofuata uwanja ulijaa. Wakubwa wa kazini walikaa mbele na suti zao, majirani nyuma yao. Kipara alikaa karibu na mama yake akitikisa miguu. Bibi alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amejifunga kanga mpya, macho yake kwa mjukuu wake.

Chiriku alifungua karatasi. "Marehemu alikuwa mkandarasi mashuhuri..."

Bibi akainuka. Alipita katikati ya wageni, akaingia jikoni, mlango ukajifunga.

Watu walitazamana. Kutoka nyuma, mama muuza mkaa akauliza kwa sauti, "Jamani, tumekosea nyumba? Mkandarasi gani tena?"

"Endelea kusoma," Baba mkubwa alimnong'oneza Chiriku kwa ukali.

Chiriku alitazama karatasi, kisha kile kiti kitupu. Mkutano ni wa kumkumbuka Babu, na aliyempenda kuliko wote amefukuzwa na maneno yanayotoka kinywani mwake yeye! Hasira zikampanda. Alimkasirikia Baba mkubwa, akamkasirikia Kipara, na zaidi akajikasirikia mwenyewe. Akaikunja karatasi.

"Nilichosoma ni uongo," alisema. "Babu yangu alichimba vyoo."

Kipara aliangua kicheko. Mama yake akampiga kikumbo. "Unacheka nini? Choo unachotumia wewe kila siku kilichimbwa na nani?"

"Chiriku!" Baba mkubwa alifoka. "Soma nilichoandika!"

"Siwezi, Baba mkubwa. Huyo hatumjui."

Na mdomo ule usiopumzika ukafunguka. Alisimulia habari za kisima, za mwenye nyumba na matusi yake, za choo kilichofukiwa. Alisimulia namna Babu alivyokataa kuingia ndani na uchafu, na Bibi alivyomsugua mgongo kando ya jiwe la kufulia. Majirani walianza kudakia. Mama muuza mkaa alisema Babu aliwahi kumgombeza mpaka akalia, kwa sababu wanawe walitoka chooni bila kunawa mikono. "Nilimchukia wiki nzima," alisema. "Lakini tangu hapo sabuni haijakosekana mlangoni kwangu."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Bibi alikuja polepole, akasimama mbele ya mwanawe.

"Nani aliyekuambia kazi ya baba yako ni aibu?"

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. "Walinicheka shuleni, Mama. Nilikuwa mdogo kuliko huyu."

"Walikucheka kwa vyoo walivyokuwa wakivitumia wao wenyewe?"

Kicheko kilipita uwanja mzima, hata kwa wale wenye suti. Bibi hakucheka.

"Nisikilizeni nyote wawili. Kazi ya halali inayolinda afya za watu haina aibu. Aibu ni kuishi kwa jasho la mtu, kisha ukaona haya kulitaja. Baba yako hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mkaidi, na alikoroma kama mashine ya kusaga. Ndiye niliyempenda. Ukimpenda mtu mkumbuke yeye mwenyewe, kwa sababu ukimpamba mpaka asitambulike, umemzika mara ya pili."

Baba mkubwa alivua koti, akawageukia wakubwa wake wa kazini na wageni wengine.

"Naomba tuanze upya," alisema. "Baba yangu alikuwa mchimba vyoo. Siku ya kwanza aliyonichukua kazini nilikuwa na miaka saba, nikaogopa kuchungulia shimoni. Akanishika mkono..."

Bibi alivuta kiti chake, akaketi kumsikiliza.