Viti Vitupu vya Ijumaa

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya kiwanda, mchuzi wa dada mshonaji ulipomwagikia shati jeupe la kijana wa kupiga pasi.

"Jamani, kaka, samahani!"

"Usijali. Ulikuwa unaelekea tumboni, umeishia nje tu."

Mshonaji alicheka mpaka watu wa nyuma wakaguna. Kijana alikuwa mmoja wa wageni walioletwa na kiwanda kutoka nchi jirani: mabega mapana, sauti ya upole. Haukupita muda simu zao zikawa hazipumziki.

Lakini kijana alimchosha! Mshonaji alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, na tangu wageni waje bila kujiunga, wanachama hawakufika tena nusu ya wafanyakazi. Mwajiri akasema wazi kwamba hajadili mishahara na chama cha wachache. Kila Ijumaa jioni katibu aliitisha mkutano, mpenzi wake akaahidi kuja na wenzake, na viti vyao vikabaki vitupu.

"Umeniangusha tena," alifoka simuni.

"Katibu wangu, nilishindwa..."

"Kutembea kutoka kwenye pasi mpaka ukumbini? Semeni tu mnataka kula jasho letu."

"Jasho lenu? Mimi kwenye mvuke kutwa nzima natoka nini, marashi?"

Katibu akakata simu. Wiki nzima hakupokea.

Ijumaa iliyofuata, viti vilikuwa vilevile. Alitoka ukumbini amefura, gauni la bluu alilomvalia mtu fulani likimpigapiga magotini. Getini, basi la kiwanda lilikuwa linanguruma na wageni wakilikimbilia. Wa mwisho alikuwa mpenzi wake, shingo imegeukia ukumbini.

"Mnakimbilia nini?"

"Basi ni hili tu. Likituacha, bweni la kiwanda linafungwa, tunalala nje."

"Na hukuniambia!"

"Mwanamume mzima nafungiwa mlango kama kuku. Ningeanzia wapi?"

Saa ya mkutano katibu aliipanga mwenyewe. Dereva akapiga honi. Mshonaji akakusanya gauni lake, akapanda.

"Dada, hili ni la wageni."

"Endesha, kaka. Nina mkutano."

Kijana akamfuata, macho yamemtoka. "Kurudi utarudije?"

"Hiyo shida yako. Utanisindikiza mpaka kwa mama, ujitambulishe."

"Nijitambulishe kama nani?"

"Kama mwanachama, kwanza. Hayo mengine utayaomba ukifika."

Basi likang'oka. Katibu akashika mgongo wa kiti kisicho kitupu, akafungua mkutano.