Mpaka Jumanne Saa Nane

"Mpumbavu gani huyu aliyetengeneza sasisho hili?"

Aliyesema hivyo alikuwa mbele ya Vuokko kwenye foleni ya soseji nyeusi, ndani ya soko la mji wa Tampere, saa sita mchana, watu wamebanana na makoti yao yanachuruzika theluji. Mwanamume mrefu, sweta la kijivu limetoboka kiwiko, simu kaibana kwa bega.

"Sikiliza," akamwambia wa upande wa pili, "jana Kaarna ilikuwa inafanya kazi vizuri. Leo nimeweka sasisho, ramani ya magari ya wagonjwa ikaganda dakika kumi na moja! Nikimpata mtu huyo namlisha kibodi yake."

Vuokko Hietala akamgusa mgongoni. "Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Huyo mpumbavu."

Mwanamume akageuka mwekundu mpaka masikioni, na muuza soseji akacheka waziwazi. Kaarna ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na lugha ya namna hiyo haisimami peke yake. Imejengwa juu ya vipande mia na kitu vilivyoandikwa na watu wengine. Kazi ya Vuokko ilikuwa kuvitunza vipande hivyo: kilichochakaa anakitoa, kizima anakitia, kisha anawapelekea watumiaji wote sasisho. Siku ile alikuwa amekosea kimoja, na akakiri palepale, mdomo umejaa jamu nyekundu iliwayo na soseji, aliyoonjeshwa na muuzaji.

Huyo mwanamume aliitwa Ilari. Alitunza kompyuta za kituo kinachoongoza magari ya wagonjwa mjini. Ikawa chakula cha mchana, ikawa matembezi kando ya ziwa lililoganda, na kabla ya mwaka kwisha mswaki wake ulikuwa umehamia kwa Vuokko. Ila zile dakika kumi na moja hazikumtoka moyoni. Alibandika karatasi ukutani kazini: *Sasisho lolote la Kaarna lingoje wiki mbili.*

"Bado umeibandika?" Vuokko alikuwa akimchokoza.

"Haraka haraka haina baraka, Bibi Sasisho."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, bwana wee."

Wakacheka. Ulikuwa utani wao, nao ulidumu mpaka Jumapili ya pili ya Februari.

Siku hiyo Torunn, mwenzake Vuokko wa kazi aliyeishi Norwe, alimtumia maneno manne: *Nipigie. Uwe peke yako.* Vuokko alipiga akiwa kwenye ngazi za jengo, amevaa soksi tu.

"Kuna ufa," Torunn akasema. "Kile kipande kinachofungua mafaili yaliyobanwa yawe madogo. Ukituma faili lililochezewa, unaingia ndani ya kompyuta na kufanya utakalo."

Kipande hicho kiliandikwa na mzee mmoja aliyestaafu zamani, na kwa miaka tisa hakuna aliyekigusa, yeye mwenyewe akiwamo. Na kituo cha Ilari kilipokea mafaili kutwa kucha.

"Tunaojua ni sita," Torunn akaendelea. "Dawa itakuwa tayari Jumanne ijayo si hii, saa nane mchana, watu wote waipate kwa pamoja. Mpaka hapo kimya."

"Hata kwa mtu wa nyumbani?"

"Mume, mke, mama mzazi. Anayejua hufanya jambo, jambo huonekana, na wezi si vipofu. Niahidi, Vuokko."

Akaahidi.

Tangu hapo kila king'ora kilichopita barabarani kilimsimamisha alipo. Aliona kioo cha kompyuta kinazimika, mtu anakata roho ghorofa ya tatu, na dereva hajui aende mtaa gani. Chakula kilimshinda. Ilari akienda zamu, yeye alibaki dirishani mpaka kofia yake ya buluu ipotee.

"Ilari, ile sheria yako ya wiki mbili, huwezi kuiondoa?"

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu haitoshi, kipenzi. Una nini wewe? Unatetemeka."

"Baridi."

Alhamisi saa moja jioni ilikuwa zamu yao ya sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke wa moto. Sauna unaweza kuingia na huzuni yako, bia yako, hata mama mkwe wako. Simu huingii nayo. Vuokko aliificha ndani ya taulo, akaiacha kwenye benchi la kubadilishia nguo, mlango ameuegesha. Ilipolia aliruka kutoka kwenye mvuke akiwa majimaji, lakini Ilari alikuwa nyuma yake, mkono mrefu, akaifikia kwanza. Kiooni palisomeka: *Asijue mtu. Jumanne saa nane, vumilia. T.*

"T ni nani?"

"Mtu wa kazini."

"Siku ya nne hii unaongelea simu kwenye ngazi. Jumanne saa nane kuna nini?"

Vuokko akanyoosha mkono kuitaka simu. Maji yalimtiririka kwenye nyusi.

"Nijibu, mama!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, laazizi. Ningoje mpaka Jumanne."

"Nikungoje umalizane naye, siyo?" Ilari akavaa sweta nywele zikiwa bado mbichi, na nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. "Nakwenda kwa kaka yangu."

Ijumaa simu haikupokelewa. Jumamosi pia, na Jumapili akakuta Ilari ameifungia namba yake kabisa. Ndipo hofu ya pili ikamwingia Vuokko, kubwa kuliko ile ya kwanza. Sasisho likitoka, wezi nao hulisoma, na kiraka chenyewe ndicho kinachowaonyesha ufa ulipo. Kwa anayeliweka mara moja, Jumanne saa nane ni salama. Kwa anayengoja wiki mbili, ndiyo kwanza hatari inaanza.

Jumanne, saa nane kasoro dakika kumi, alikuwa amesimama mlangoni pa kituo, koti jekundu limefungwa mpaka kidevuni. Akabonyeza kengele.

"Ilari, toka nje."

"Niko zamu," sauti ikakwaruza.

"Nakuomba. Nikikudanganya usinitazame tena maisha yako yote."

Akatoka bila koti, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Haya, sema."

"Bado."

"Bado nini?"

"Dakika nne."

"Umekuja kunionyesha saa?" Akacheka, kicheko kibaya. "Mwanamke una roho wewe."

Gari la wagonjwa likatoka geti la pembeni, king'ora kikawapasua masikio. Vuokko akafumba macho. Aliyafumbua Ilari akiwa keshageuka, mkono kwenye kitasa, akamdaka pale sweta lilipotoboka. Simu ikatetemeka mfukoni: saa nane kamili, sasisho limetoka.

"Weka sasisho la Kaarna!" Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. "Sasa hivi, usingoje wiki mbili, usingoje chai. Kuna ufa, mnaweza kuingiliwa kwa faili moja tu, na kuanzia dakika hii dunia nzima inajua. Nilikatazwa kusema. T ni Torunn, ana miaka sitini na mbili na paka wanne. Kimbia, Ilari!"

Akamtazama, pumzi zikitoa moshi. Kisha akakimbia.

Vuokko hakuruhusiwa kuingia. Alingoja barazani, na woga ukabadili sura: je, kama amekosea tena? Kama ramani imeganda kama siku ile ya soseji? Alihesabu magari yanayotoka. Likipita moja, alishukuru Mungu.

Ilikaribia saa tisa Ilari alipotoka, rangi imemhama.

"Ramani haikuganda," akasema. "Tulimaliza saa nane na dakika ishirini na tatu. Saa nane na arobaini na moja faili limekuja. Limebisha palepale ulipotibu, likakwama."

Vuokko akaketi kwenye theluji. Ilari akaketi kando yake.

"Siku tisa ulijua."

"Ndiyo."

"Lingekuja jana je?"

"Ningekuwa nimenyamaza, na watu wamekufa. Nisingepona, Ilari."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri. "Ningezima kila kitu."

"Na kila mtu angeuliza umezima kwa nini."

Ilari hakumwambia kuwa alifanya vyema. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjamana, ile ya ukutani, akaichana vipande viwili.

"Kuna na jambo jingine nililoliambia lingoje," akasema. "Mpaka kiangazi."

"Jambo gani?"

"Kukuoa. Nilikusudia tangu kwenye foleni, jamu ikiwa kidevuni mwako. Sitaki lingoje tena."

Vuokko akacheka na kulia kwa pamoja. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mpumbavu wangu."

Simu ikalia. Kiooni: *T.* Torunn hakuwa mtu wa kupiga kutoa pongezi; huenda kulikuwa na ufa mwingine, na siri nyingine. Akamtazama Ilari, asithubutu kuinuka kwenda kando.

"Pokea," Ilari akasema.

Kisha akaziba masikio kwa viganja vyake viwili, akabaki ameketi palepale ubavuni mwake, akingoja.