Maji ya Mvua

Jioni hiyo nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, na mashine zikiharibika, mikono ndiyo mashine. Shangazi yangu alikuwa amelazwa hukohuko, nyonga imevunjika, kwa hiyo kila nikitoka kazini ilibidi nipitie nyumbani kwake kumwagilia mimea yake.

Si maua ya kawaida. Ni vyungu kumi na kimoja dirishani, kila kimoja kimekaa kwenye sinia la maji. Majani membamba yana vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna tone linalong'aa kama asali. Inzi akitua, hatoki. Jani linamkunja polepole, linamla.

"Maji ya mvua tu," shangazi alinisisitizia. "Ya bomba yatamuua."

*Yatamuua*, alisema. Nikadhani ni dawa za maumivu zinamchanganya maneno.

Jioni hiyo, siku ya tano, ndoo ya maji ya mvua ilikuwa tupu. Jirani mwenye pipa la maji ya mvua alikuwa nyumba ya tatu tu, lakini miguu ilikataa. Nikafungua bomba, nikajaza masinia yote. Nikakaa kwenye kiti, nifumbe macho kidogo...

Mtu akakohoa.

Nikafumbua macho. Chumba kitupu. Mlango niliufunga mwenyewe. Harufu ya sabuni ya kunyolea ndevu ilikuwa imejaa, nzito, kana kwamba mtu ameniinamia usoni.

"Haya... yana chumvi."

Sauti ya chini, iliyochoka kuliko mimi. Niliijua. Ilikuwa ya mume wa shangazi, ambaye miaka sita iliyopita tuliambiwa kamkimbia mkewe.

Na majani yote, ya vyungu vyote, yalikuwa yameinama upande wangu.

Nilimwaga yale maji, nikakimbia kwa jirani na ndoo, nikarudi kujaza upya. Jani moja likanigusa kidole. Likang'ang'ania. Nilipojivuta, ngozi ilibaki inanata.

Usiku huohuo nilirudi wodini nikamnong'oneza shangazi kila kitu. Hakushtuka.

"Amesema nawe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa maneno?"

"Kwa maneno."

Machozi yakamtoka. "Alitaka kuniacha. Kuna bibi mmoja akanifundisha namna ya kumzuia. Miaka sita namtunza, mwanangu, na mimi hajanisemesha hata mara moja."

Nikamuuliza alimfanya nini. Akageukia ukutani.

"Mchukue," akasema. "Nimechoka."

Nilitaka kuvitupa vile vyungu. Nilivibeba kweli hadi jalalani, nikaviweka juu ya takataka, nikageuka niondoke. Nyuma yangu mtu akavuta pumzi... kama mtoto anayejizuia kulia.

Nikarudi navyo kwangu.

Shangazi ameshatoka hospitali. Anatembelea fimbo, na tukikutana haniulizi kitu. Jana mashuka yalikuwa mlima, nikafika nyumbani giza limeingia. Nikafungua mlango, nikapapasa ukutani kutafuta swichi.

"Umechelewa," akanong'ona.

"Kazi zilikuwa nyingi," nikasema. "Nisamehe."

Nilikuwa nimeshavua viatu ndipo nikagundua kwamba nimemjibu.